Sauti Unaijua, Sura Je? Mastaa wa Kantri na Blugrasi Walionaswa Kwa Muvi za Kitambo

Jumapili asubuhi mtaani unajua rada. Keja moja wanapika chapati, keja ya pili wanaanika nguo, na keja ya tatu redio inacheza Jim Reeves kana kwamba jamaa alizaliwa Nakuru. Wakenya tunapenda kantri, hilo halina mjadala. Mbuyu anajua maneno yote, mathe anajua pa kuitikia, na wewe unayesema hayo ni mambo ya wazee, ngoma ya Don Williams ikiingia midomo yako inaanza kusonga yenyewe.

Sasa jiulize: hawa wasee umewasikia maisha yako yote, umewahi kuwaona? Si ile picha ya kwa kava ya kanda. Kuwaona wakitembea, wakicheka, vidole vikikimbia kwa nyuzi za gitaa.

Wengi wao walinaswa na kamera, tena mapema sana. Kabla televisheni haijaingia kila nyumba Marekani, mtu wa kijijini aliyetaka kumwona msanii wa redio alilipa kiingilio cha sinema. Wenye studio wakanusa doo, wakaanza kuwaita waimbaji waje wapande farasi mbele ya kamera. Hii hapa stori yao, kuanzia 1929. Na ukiifuata mpaka mwisho utaona kitu kimoja: kamera haikuwa ya kuburudisha tu. Iliamua nani akumbukwe kwa sura, nani abaki sauti, na nani asionekane kabisa.

TUELEWANE KWANZA

Kantri ni muziki wa watu wa mashambani na milimani kusini mwa Marekani, ulioanza kuuzwa kwa santuri miaka ya 1920. Stori zake ni za reli, pombe, mama, Mungu na mapenzi yaliyoharibika.

Blugrasi ni mtoto wake aliyezaliwa miaka ya 1940. Baba yake ni Bill Monroe wa jimbo la Kentucky, na jina lenyewe limetoka kwa bendi yake, Blue Grass Boys. Hapa hakuna gitaa la umeme. Ni banjo, fidla, mandolini, gitaa la kawaida na besi ile kubwa ya kusimama nayo. Halafu spidi. Blugrasi ikishika moto, vidole huvioni.

Na kabla useme huu ni muziki wa wazungu tu, kumbuka banjo ni ya kwetu. Mababu zake ni ala za Afrika Magharibi za kibuyu na ngozi, na ufundi wake ulivuka bahari na watu waliouzwa utumwani. Weka hiyo akilini, tutairudia.

1. JIMMIE RODGERS: MSEE WA RELI, NA CHEMIROCHA WA KERICHO

Tunaanza na aliyeitwa baba wa kantri. Jimmie Rodgers wa Mississippi alifanya kazi ya reli mpaka kifua kikuu kikamtoa huko. Mwaka 1927 akarekodi kwa mara ya kwanza pale Bristol, na muda si muda akawa staa wa nchi nzima. Alama yake ilikuwa yodeli, ule mtindo wa kuimba ambapo sauti inaruka kutoka chini kwenda juu na kurudi kama imevunjika katikati.

Mwaka 1929 Columbia walimweka kwa filamu fupi ya kama dakika kumi, The Singing Brakeman. Hakuna stori kubwa. Jamaa amevaa kofia ya mfanyakazi wa reli, wanawake wawili wanamsikiliza, anapiga ngoma tatu, basi. Lakini filamu za sauti zilikuwa ndiyo mwanzo zinaingia sokoni, kwa hivyo hii ni kati ya mara za kwanza kabisa dunia kumwona staa wa kantri akiimba. Miaka minne baadaye, Mei 1933, kifua kikuu kilimmaliza akiwa na miaka 35. Zile dakika kumi ndizo zinatuonyesha vile alisimama na vile alitabasamu.

Sasa sikia hii. Santuri za Rodgers zilifika mpaka Kenya enzi za mkoloni. Kule Kericho, Wakipsigis walisikia hiyo sauti inayoruka, lakini mwenyewe hawakuwahi kumwona. Jina Jimmie Rodgers likageuka kwa ulimi wa Kikipsigis likawa Chemirocha. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet akanasa wasichana wa Kipsigis wakiimba kumhusu huyo Chemirocha, wakimwalika acheze nao. Maelezo aliyoandika Tracey yanasema walimwona kama kiumbe nusu mtu, nusu swara.

Usicheke. Fikiria. Unasikia sauti inatoka kwa sanduku, inaruka vile koo la mtu haliruki, na sura huna. Akili inajaza pengo. Filamu ya kumwonyesha Rodgers ni msee wa kawaida na kofia yake ilikuwa imemaliza miaka ishirini na moja tayari, lakini Kapkatet haikufika. Sauti ilisafiri, sura ikabaki nyuma. Mwaka 2015 rekodi hizo za Tracey zilirudishwa Kapkatet, na watu wa pale wakasikiliza tena sauti za watu wao. Ukitafuta ngoma moja tu baada ya kusoma hii makala, tafuta Chemirocha.

2. GENE AUTRY NA ROY ROGERS: KAUBOI MMOJA AKIGOMA, MWINGINE ANAOMOKA

Kabla ya umaarufu Gene Autry alikuwa mpiga simu ya upepo kwa kampuni ya reli, na kwa santuri zake za kwanza alikuwa anamwiga Jimmie Rodgers waziwazi. Mwaka 1934 akapewa sehemu ndogo kwa muvi ya In Old Santa Fe. Watu wakampenda, na 1935 akapewa The Phantom Empire, sinema ya vipande kumi na viwili.

Hiyo ni noma. Autry anaigiza kama yeye mwenyewe, mwimbaji wa redio mwenye ranchi. Chini ya ranchi, futi 25,000 ardhini, kuna mji wa siri wenye malkia na maroboti. Autry anapigana na watu wa chini, halafu anakimbia kurudi juu kwa wakati kwa sababu asipoimba kwa redio, ranchi inaenda. Makauboi, maroboti na kantri ndani ya muvi moja, 1935!

Kutoka hapo kampuni ya Republic ikamfanya mfalme wa makauboi waimbaji. Lakini mfalme alikuwa na malalamiko. Republic walikuwa wanawaambia wenye sinema: ukitaka muvi za Autry, lazima uchukue na zingine zetu zisizouzika. Kufikia 1938 Autry aligoma. Studio nayo haikulia. Ikamchukua chali mmoja wa kundi la Sons of the Pioneers, jina la kuzaliwa Leonard Slye, ikambandika jina jipya Roy Rogers, ikampa muvi iliyokuwa imepangiwa Autry. Ilikuwa Under Western Stars, na jamaa akawa staa papo hapo.

Autry alirudi kazini, lakini somo lilibaki: kwa studio, kauboi ni kiti, na kiti hakikosi wa kukikalia. Wote wawili waliomoka. Autry ndiye mtu pekee aliye na nyota tano kwa ile njia ya mastaa pale Hollywood, moja kwa kila fani: filamu, redio, santuri, televisheni na jukwaa. Rogers naye alimpenda farasi wake Trigger mpaka alipokufa 1965 akamhifadhi kwa ngozi yake. Mwaka 2010 huyo Trigger aliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola 266,000. Farasi aliyekufa, buda.

3. HERB JEFFRIES: KAUBOI MWEUSI AMBAYE HUKUAMBIWA

Kwa ukweli wa historia, makauboi wengi Marekani walikuwa weusi. Kwa muvi hukuwaona. Watoto weusi walikuwa wanaenda sinema zilizotengwa kwa ajili yao, wanaangalia mashujaa wote wakiwa weupe.

Herb Jeffries, mwimbaji wa jazi, alisukuma mpaka muvi ya kauboi mweusi mwimbaji ikatengenezwa. Harlem on the Prairie ilitoka 1937, ikafuatwa na Two-Gun Man from Harlem, The Bronze Buckaroo na Harlem Rides the Range. Bajeti ilikuwa ya kuunga-unga, unaona kabisa pesa zimeisha katikati ya sini. Lakini hapo kwa kioo kuna mwanaume mweusi mwenye kofia nyeupe, farasi na bastola, anaimba na mwisho anashinda. Kwa 1937, hilo halikuwa jambo dogo.

Baadaye aliimba na bendi ya Duke Ellington, na akaishi mpaka miaka 100. Alifariki 2014. Kila msanii mweusi unayemwona leo na kofia ya kauboi akiimba kantri, ana babu.

4. PATSY MONTANA NA BOB WILLS: MANZI MWENYE YODELI NA BENDI YA KUCHEZEKA

Kina dada nao? Wengi kwa hizi muvi waliwekwa wa kuokolewa tu. Patsy Montana alikuja na yake. Wimbo wake wa 1935, I Want to Be a Cowboy's Sweetheart, ulimfanya mmoja wa wanawake wa kwanza kuuza kantri kwa fujo, na mwaka 1939 alionekana na Gene Autry kwa Colorado Sunset. Ukimwona anavyopiga yodeli bila kukunja uso, utaelewa kwa nini waimbaji wengi wa kike baada yake walianza kwa kumwiga.

Bob Wills wa Texas yeye alichukua fidla za kantri akazichanganya na jazi, akaongeza ngoma na tarumbeta. Mwaka 1940 alitokea na Tex Ritter kwa Take Me Back to Oklahoma. Hadithi yenyewe unaweza kuiruka. Angalia bendi. Wills hawezi kutulia, anapiga kelele katikati ya wimbo, anamnyooshea mwanamuziki upinde wa fidla kumwambia zamu ni yako. Kwa santuri unasikia tu zile kelele. Kwa filamu ndiyo unagundua ni kiongozi anayeendesha gari kwa macho.

5. GRAND OLE OPRY, 1940: WALIOINGIA NA ALIYEACHWA

Grand Ole Opry ni kipindi cha redio cha Nashville kilichoanza 1925 na bado kiko hewani. Mwaka 1940 Republic walitoa muvi yenye jina hilohilo, wakaleta mastaa wa redio mbele ya kamera.

Yumo Roy Acuff na bendi yake. Na yumo Uncle Dave Macon, mzee aliyezaliwa 1870, ambaye kabla ya muziki alikuwa anabeba mizigo kwa mikokoteni ya nyumbu. Hapo kwa muvi ana karibu miaka 70, meno ya dhahabu, kofia, na mtoto wake Dorris pembeni na gitaa. Mzee anazungusha banjo hewani, anaipepea kwa kofia, anairudisha mkononi bila kupoteza mdundo. Hakuna santuri ingekuonyesha hiyo. Watu wanaojifunza banjo ya zamani mpaka leo wanasimamisha hizo dakika chache kuangalia mkono wake wa kulia.

Sasa angalia nani hayumo. Mmoja wa mastaa wakubwa wa Opry miaka hiyo alikuwa DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo ambaye angekufanya uape kuna treni inapita nje ya dirisha. Bailey alikuwa mweusi. Kwa redio rangi haionekani, na wasikilizaji walimpenda. Kwa orodha ya waigizaji wa muvi hiyo hayupo. Mwaka uliofuata, 1941, Opry walimwachisha kazi. Akaendelea kuishi kwa kushaini viatu mjini Nashville. Alifariki 1982, na ikachukua mpaka 2005 kwa jina lake kuwekwa kwa Jumba la Heshima la Kantri.

Kumbuka pia ile banjo ya mzee Macon ilitoka wapi. Ala ikapata kamera. Watu walioileta hawakupata.

6. MERLE TRAVIS: VIDEO ZA MUZIKI KABLA YA VIDEO

Unadhani video za muziki zilianza na televisheni? Kati ya 1940 na 1947 Marekani kulikuwa na mashine kwa mabaa na mahoteli, kubwa kama kabati, yenye kioo juu. Unatia senti kumi, inakuonyesha filamu ya dakika tatu ya msanii akiimba. Zile filamu ziliitwa Soundies. Kasoro ilikuwa moja: huchagui. Filamu nane zilikuwa zimeungwa kwa mkanda mmoja, unaona inayofuata.

Wasanii wa kantri waliingia humo, akiwemo Merle Travis wa Kentucky. Huyu ndiye jina lake limebaki kwa mtindo mzima wa gitaa: kidole gumba kinapiga besi peke yake huku vidole vingine vinapiga wimbo, mpaka unatafuta mtu wa pili amejificha wapi. Ndiye pia aliyeandika Sixteen Tons, wimbo wa wachimba makaa ya mawe ambao huwezi kukosa kuusikia ukikaa na wazee.

Mwaka 1953 Travis alionekana kama askari mwenye gitaa kwa From Here to Eternity, akiimba blues ya jeshini. Muvi hiyo ilibeba tuzo nane za Oscar. Mamilioni walimwona, na wachache walijua ni nani.

Mwaka mmoja kabla, Tex Ritter alipata kinyume chake. Sauti yake ndiyo inafungua High Noon (1952) na kurudi tena na tena muvi nzima, wimbo ukashinda Oscar, lakini sura yake kwa muvi hiyo huioni hata kidogo.

7. HANK WILLIAMS: STAA ASIYE NA MUVI

Kila orodha ya kantri ina Hank Williams juu. Kwa orodha ya muvi, ni pengo. MGM walimsainisha mkataba wa filamu na hakuna hata moja iliyotengenezwa. Pombe, maumivu ya mgongo na dawa vilimwahi. Alifariki siku ya Mwaka Mpya 1953, kiti cha nyuma cha gari akielekea kwa shoo, akiwa na miaka 29.

Kinachobaki cha kumwona akiimba ni vipande vichache vya televisheni, hasa kwa kipindi cha Kate Smith mwaka 1952. Muvi ya maisha yake, Your Cheatin' Heart, ilikuja 1964 na mwigizaji George Hamilton. Sauti unayoisikia humo ni ya mtoto wake, Hank Williams Jr., akiwa bado kijana mdogo. Yaani baba ana sura ya mtu mwingine na sauti ya mtoto wake. Hapo ndipo unaona hasara ya kamera kuchelewa.

Pengine ndiyo maana katikati ya miaka ya 1950 kazi ya Al Gannaway ina maana sana. Alichukua mastaa wa Opry akawarekodi kwa filamu ya rangi, safi, sauti kali. Bill Monroe yumo, na ukimwona ndiyo unaelewa kwa nini blugrasi inaheshimika: suti, kofia, mgongo wima kama askari, na mandolini inalia kama mashine.

8. JIM REEVES: ALIKUJA AFRIKA KUTENGENEZA MUVI

Hii ndiyo mbuyu wako anaweza kuwa hajui. Muvi ambayo Jim Reeves alikuwa nyota mkuu haikutengenezwa Hollywood. Ilitengenezwa Afrika Kusini mwaka 1963. Inaitwa Kimberley Jim, na jamaa anaigiza Mmarekani anayetafuta bahati kwa machimbo ya almasi ya Kimberley.

Reeves alikuwa anapendwa huko mpaka akarekodi nyimbo kwa Kiafrikana. Lakini mwaka 1963 ni ubaguzi wa rangi umeshika kabisa, Mandela tayari yuko ndani. Kwa hivyo unapoiangalia, angalia pia nani amepewa maneno na nani amewekwa nyuma. Sauti ni ileile laini ya Jumapili, mazingira si ya kupendeza.

Tarehe 31 Julai 1964 ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilianguka karibu na Nashville. Alikuwa na miaka 40.

9. MIAKA YA 1960: PESA KIDOGO, VITUKO VINGI

Kipindi hiki muvi za kantri zilitoka kama mandazi, na nyingi ubora wake ni wa kucheka. Johnny Cash aliigiza jambazi kwa Five Minutes to Live (1961), anayebisha mlango akijifanya mwalimu wa gitaa kumbe amekuja kuteka mke wa meneja wa benki. Mwaka 1971 alirudi na Kirk Douglas kwa A Gunfight, muvi ya kauboi ambayo doo zilitoka kwa Wajicarilla Apache. Wale ambao kwa muvi hupigwa risasi, safari hii ndio waliolipa mishahara.

Waylon Jennings alipewa Nashville Rebel mwaka 1966. Halafu kuna Hillbillys in a Haunted House (1967), Ferlin Husky kwa nyumba ya mashetani, na Merle Haggard anatokea akiimba. Ni mbaya kweli kweli. Lakini Haggard huyo akiwa kijana utampata wapi tena?

10. BLUGRASI INAPATA MUVI KUBWA, NA SURA ZINAPOTEA

Mwaka 1967, Bonnie and Clyde. Majambazi wanakimbia na gari, na nyuma banjo inatoa moshi. Ni Foggy Mountain Breakdown ya Flatt na Scruggs, waliowahi kuwa vijana wa Bill Monroe. Ngoma ilirekodiwa 1949, wakati Bonnie na Clyde waliuawa 1934, lakini nani anajali. Earl Scruggs na vidole vyake vitatu alisikika dunia nzima. Kwa muvi, haonekani.

Deliverance ya 1972 ilienda mbali zaidi. Unamwona mvulana amekaa barazani akishindana na gitaa la mgeni kwa banjo. Ukweli ni kwamba hakuwa anapiga. Mtoto mwingine alijificha nyuma yake, mkono wake ndio unaouona kwa shingo ya banjo. Na sauti ni ya Eric Weissberg na Steve Mandell, waliorekodi kando. Dueling Banjos ikapanda mpaka namba mbili kwa chati za Marekani 1973. Halafu akajitokeza Arthur Smith, aliyeitunga na kuirekodi na Don Reno miaka ya 1950, akauliza jina langu liko wapi? Akaenda kortini na kampuni ya filamu, na akashinda.

Ukitaka blugrasi bila ujanja, tafuta Bluegrass Country Soul, filamu ya tamasha la Camp Springs, North Carolina, 1971. Scruggs yumo, Ralph Stanley yumo, Jimmy Martin yumo, na hakuna anayepigiwa na mwingine. Jasho ni lao, vidole ni vyao.

Huo mchezo wa sauti ya huyu na sura ya yule haukuisha. Kwa O Brother, Where Art Thou? ya mwaka 2000, George Clooney anafungua mdomo na sauti ni ya Dan Tyminski, msee wa blugrasi.

11. 1980: WENYEWE WANACHUKUA KITI

Dolly Parton alifunga hesabu. Kwa 9 to 5 aliigiza karani anayedharauliwa na bosi, akaandika wimbo wa muvi mwenyewe, akauimba mwenyewe, na ule mlio wa mashine ya kuchapa alianza kuutoa kwa kugonganisha kucha zake. Hakuna wa kumwazima sauti, hakuna wa kumwibia jina. Wimbo ukateuliwa kwa Oscar.

Mwaka huohuo Coal Miner's Daughter ilisimulia maisha ya Loretta Lynn. Sissy Spacek aliimba kwa sauti yake akashinda Oscar, na Ernest Tubb, Roy Acuff na Minnie Pearl wakatokea kama wao wenyewe. Ni yule Acuff wa 1940, miaka arobaini baadaye.

Na Don Williams wetu? Aliigiza mwanabendi kwa W.W. and the Dixie Dancekings (1975), na mwaka 1997 kamera zikamfuata Zimbabwe akapigia Waafrika shoo. Ile filamu inaitwa Into Africa. Angalia umati unavyoimba kila neno. Ni kama kijijini kwenu, ila ni Harare.

UANZIE WAPI?

Usianze na muvi nzima, utachoka. Anza na vipande. Siku ya kwanza, The Singing Brakeman, halafu papo hapo Chemirocha. Siku ya pili, Uncle Dave Macon na banjo yake hewani, halafu msikilize DeFord Bailey ukijua kwa nini unamsikia tu. Siku ya tatu, The Bronze Buckaroo. Baada ya hapo, Bill Monroe kwa rangi na Into Africa ukiwa na mbuyu kando.

Na unapoangalia, uliza maswali matatu kila mara: huyu ninayemwona ndiye anayepiga? Nani alilipwa? Nani alikuwa mkali vilevile na hakuitwa?

Maswali hayo si ya Marekani peke yake. Hapa kwetu kuna mzee anapiga nyatiti, kuna shosho anaimba ngoma ambazo hakuna studio imewahi kuzinasa, na simu yako iko na kamera bora kuliko ile iliyomchukua Jimmie Rodgers. Dakika kumi zilitosha kumwokoa. Ukienda ocha Desemba, muombe ruhusa, uliza jina lake kamili, liandike, halafu bonyeza kitufe. Usiache wajukuu wako wabaki wakijiuliza kama alikuwa mtu ama swara.